Dalali wa Mbeya aliyenikatalia nyumba mbili kabla ya kuniuzia ya tatu: tathmini yangu

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibana, na mkisoma mpaka kwenye suala la shimo mtaona kwa nini.

Huyu ni dalali wa nyumba na viwanja anayefanya kazi kuanzia Uyole hadi Iyunga. Ofisi hana. Ana simu ya batani, daftari la kurasa mia, na koti la kijivu ambalo halivui hata jua likiwa limetoka. Jina lake siandiki kwa sababu hakuniruhusu. Ukiuliza waashi wa zamani pale Uyole, mzee mwenye koti, watakuelekeza. Na kuuliza kwa waashi kuna maana yake: kabla ya udalali alijenga nyumba za watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na hicho ndicho unachomlipia.

Mimi ni fundi simu, Kabwe. Sina mke bado, nimepanga chumba Soweto na nitaendelea kupanga. Nilitaka nyumba ya kuniletea kodi, si ya kukaa. Mama yangu hili halijamwingia hadi leo, anasema mtu ananunuaje nyumba halafu analala kwa mwenye nyumba. Hela imetoka kwenye simu, na kwenye mpunga wa Usangu ninaonunua wakati wa mavuno na kuuza bei ikipanda. Benki niliulizia mkopo wa nyumba, nikaonyeshwa jedwali la marejesho, nikashukuru, nikaondoka.

Madalali wengine niliokutana nao mwanzoni walikuwa wale wa kutoza hela ya kuonyeshwa, elfu kumi kila nyumba, upende usipende. Ukiangalia sana unagundua mtu anaishi kwa hizo elfu kumi, nyumba yenyewe haimhusu. Mzee wa koti hatozi. Unalipa bajaji na chakula cha mchana, na anakula kweli.

Nyumba ya kwanza niliyompeleka kuiona niliipata mwenyewe. Ilikuwa Uyole, karibu na barabara kuu ya Zambia, vyumba sita na frem mbili mbele, zote zina wapangaji. Muuzaji aliniandikia mapato kwenye karatasi: laki nne na sitini kwa mwezi. Bei milioni 52, na alisema tutaongea. Kwa hesabu ya kidole ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoziona. Mzee hakuingia hata ndani. Alitoa tepu kwenye koti, akaniambia nishike ncha moja, tukaanza kupima kutoka katikati ya barabara huku malori yakitupigia honi.

Kwa wasiojua: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipimia katikati. Ndiyo maana kuna nyumba zina X nyekundu na nyingine X ya kijani. Nyekundu uko ndani ya hifadhi ile ya zamani, hulipwi. Kijani umefuatwa na upanuzi, unastahili fidia. Na Mbeya siyo sehemu ya kusema upanuzi utakuja siku moja, njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi tunaiona kwa macho. Tepu yetu ilipofika mita 30 tulikuwa tumesimama ndani ya frem ya pili, mbele ya dada anayeuza vocha. Ukutani hapakuwa na X yoyote, palikuwa na rangi mpya kabisa. Mzee akaigusa kwa kidole, akauliza, "Hii imepakwa lini?" Yule dada akasema wiki iliyopita.

Tukaondoka. Kwenye bajaji alisema sentensi moja tu: frem zikiondoka, kinachobaki ni vyumba sita vya milioni 52.

Ya pili aliileta yeye mwenyewe, kutoka kwenye daftari lake, Itezi. Hapa ndipo nilipoanza kumwamini, maana angeweza kuniuzia na kula asilimia zake. Nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu na sebule, bati la msauzi, mandhari usipime: unakaa barazani unaliona jiji lote. Milioni 24. Mwenye nyumba alikuwa amemwelezea kwa simu, yeye mwenyewe alikuwa hajaiona. Tulipofika akazunguka moja kwa moja hadi nyuma, na nyuma kulikuwa na ukingo wa udongo uliokatwa wima, mrefu kunizidi, hauna ukuta wa kuuzuia wala mfereji wa kupokea maji. Juu yake shamba la mahindi linaendelea kupanda mlima.

Watu wa Mbeya hatuhitaji kukumbushwa Aprili 2024, Mlima Kawetere ulipoporomoka na tope likafukia nyumba na shule, Itezi hiyohiyo. Muuzaji alipoona tumenyamaza akasema, "Lile tope huku halikufika."

"Halikufika mwaka ule," mzee akajibu, akaomba maji ya kunywa.

Sisemi Itezi isinunuliwe. Kuna sehemu tambarare nzuri tu na watu wanaishi kwa amani. Ila nyumba ya kupangisha chini ya ukingo kama ule, wewe mwenyewe uko Soweto umelala, na mtoto wa mtu yuko kule ndani mvua ya masika inanyesha. Mimi siwezi. Bei hiyo ilikuwa inasema kitu.

Ya tatu ndiyo niliyonunua. Ipo upande wa Ikuti, mwendo wa miguu kutoka chuo cha MUST. Vyumba vinne, kila kimoja masta, vimepangwa mstari mmoja vikitazama uwanja, wapangaji wote wanafunzi. Ina hati. Nyuma kuna eneo wazi la kutosha kuongeza vyumba vingine vinne, na hilo eneo ndilo lililonivuta kuliko nyumba yenyewe. Bei ya kuanzia milioni 34.

Ukaguzi wake nauelezea kwa urefu kidogo kwa sababu sijawahi kuona dalali anafanya hivi. Alianza kwa kukwaruza udongo kati ya tofali kwa ufunguo, sehemu ambayo haikupigwa plasta, kuona kama ni saruji au ni mchanga uliosalimiwa na saruji. Akagonga plasta kwa kiganja, chumba hadi chumba, akisikiliza panapolia wazi. Akaomba ngazi, akapanda darini na tochi ya simu, akashuka na habari kwamba kenchi ni nzima ila bati ni geji 30, jembamba, na misumari ya upande mmoja imeanza kulegea. Upepo wa huku mnaujua.

Kisha chumba cha tatu. Kijana aliyepanga alikuwa amelala, mchana, kipindi cha baridi, amejifunika mablanketi mawili. Mzee akamsalimia vizuri, akamwomba samahani, akamwambia, "Mwanangu, tusogezee kitanda kidogo." Kitanda kikasogea. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa fangasi kuanzia chini hadi usawa wa magoti, rangi imebanduka kama maganda ya kiazi. Kijana anasema amekohoa tangu ahamie na alidhani ni baridi ya Mbeya.

Tukatoka nje kuangalia ukuta huohuo kwa upande wa pili. Udongo wa nje ulikuwa juu kuliko jamvi la ndani, na paa halina gata, kwa hiyo mvua yote ya bati inamwagika palepale mguuni mwa ukuta na inaingia ndani taratibu. Dawa yake ni kuchimba udongo ushuke, kuweka gata, kubandua plasta na kupiga upya. Si nyufa za msingi. Msingi ulikuwa sawa. Mzee alimpigia muuzaji hesabu ya matengenezo mbele yangu, kitu kwa kitu, mpaka mifuko ya saruji, na bei ikashuka hadi 31.5 bila mtu kupandisha sauti.

Jambo lingine aliloliuliza ni LUKU. Mita ilikuwa moja kwa vyumba vyote vinne, na ugomvi wa nani kapika na hita ulikuwa wa kila siku. Kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo mwanafunzi anayenunua umeme analipa kodi ya jengo ya mwenye nyumba bila kujua. Wanafunzi wale walikuwa wanadhani wanaibiwa yuniti.

Sasa nyota iliyopungua. Mzee huyu anajua nyumba, karatasi hajui, na hataki kujua. Yeye alitaka tumalize siku hiyohiyo ofisi ya mtaa, mashahidi wawili, hela mezani, picha ya pamoja. Nilikataa nikaenda kwa wakili. Wakili akafanya upekuzi ofisi ya Ardhi, jina la muuzaji likatoka sawa na hati haina mkopo wala zuio. Halafu akasema hasaini chochote bila ridhaa ya mke wa muuzaji, maana nyumba ilijengwa wakiwa wameoana, na mwenza aliyechangia kwa jasho lake ana haki kwenye ardhi hiyo hata kama jina lake halipo kwenye hati. Muuzaji akawa mkali. Mzee wa koti naye akaniambia pembeni kwamba mawakili wanapenda kuchelewesha mambo.

Mama yule alikuja. Nikampa shikamoo, akasoma mkataba wote polepole kwa miwani ya kuazima, wakili akimsubiri. Alipofika kwenye ramani ya kiwanja akamgeukia mumewe. "Na lile shimo la nyuma umemwambia kijana?"

Lile eneo wazi nililolipenda, karibu nusu yake, chini kuna shimo la zamani la choo. Lilijaa, wakalifukia kwa udongo, wakachimba jipya upande wa barabarani. Hakuna alama yoyote juu, majani yameota. Mwashi wa miaka ishirini alikuwa amepita juu yake na tepu yake, na hakuuliza maji taka ya vyumba vinne yalikuwa yanaenda wapi kabla ya shimo jipya. Mimi ningemwaga msingi pale. Bei ikashuka hadi milioni 30, na ramani yangu ya vyumba vinne vya nyuma imebidi ichorwe upya kwa umbo la L kukwepa shimo. Yule mama alisaini, akaniambia ndaga, yaani asante, akaondoka bila kumsubiri mumewe.

Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10, ni ya muuzaji. Iandikeni kwenye mkataba mapema, wengi wanajaribu kuisukuma kwa mnunuzi. Ushuru wa stempu asilimia 1 niliulipa mimi.

Kwa vijana wenzangu mtakaouliza kama inalipa, nawapa hesabu yangu. Ukijumlisha wakili, dalali, ushuru na matengenezo ya ule ukuta, nyumba imenifikia kama milioni 33. Vyumba vinne kwa elfu 55 ni laki mbili na ishirini kwa mwezi, na nahesabu miezi kumi tu kwa sababu wanafunzi likizo ndefu wanarudi kwao. Hiyo ni milioni 2.2 kwa mwaka, chini kidogo ya asilimia 7 kabla ya kodi ya serikali na bomba kupasuka. Hatifungani, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ingenipa zaidi nikiwa nimekaa. Nilichonunua ni ardhi yenye hati karibu na chuo. Vyumba vinne vya nyuma fundi amenipigia milioni 18, na hapo milioni 51 zitakuwa zinazaa milioni 4.4 kwa mwaka. Asingekuwepo yule mama, hesabu hii ingekuwa imejengwa juu ya choo. Na kama kiwanja kisingekuwa na nafasi ya nyuma, nisingenunua hata kwa 25.

Malipo ya mzee: alianza na asilimia 10, nikamkumbusha shimo, tukaishia 5, yaani milioni moja na nusu, na nimempa nikiwa na moyo mweupe. Nyumba mbili alizonizuia zingenila zaidi ya hapo. Hapokei simu baada ya saa kumi na mbili jioni na anachelewa, akisema saa tatu wewe toka nyumbani saa tatu. Akikuambia hati haina shida, mshukuru halafu mpigie wakili. Kwa mashamba ya parachichi Rungwe msimtafute, amesema mwenyewe kwamba huko hana macho, na frem za Mwanjelwa hazigusi.