Uzoefu wangu na VW Beetle: bei iko sakafuni

Anayeuza Beetle atakukimbiza kwenye injini. Mwache aiungurumishe, wewe nyanyua kiti cha nyuma. Betri inakaa hapo chini upande wa kulia, na maji yake ndiyo yanayokula sakafu. Ukiona kiraka, kigonge kwa bisibisi usikie kama bati ni zima. Katikati, juu ya uti wa chesisi, imegongwa namba. Ilinganishe na kadi ya gari tarakimu kwa tarakimu. Kwa modeli za 1965 hadi 1969, tarakimu ya tatu ndiyo ya mwisho ya mwaka: namba inayoanza na 119 ni modeli ya 1969.

Halafu njoo milangoni. Chini yake kuna maboksi ya bati yaliyopitisha hewa ya joto, na hayo ndiyo yanayoipa bodi nguvu. Yakioza, bodi inalegea na mlango unaanza kukwama. Pitisha sumaku, isiposhika, hapo pana puti, ule udongo wa kuzibia matundu kabla ya rangi. Kuyabadilisha vizuri mara nyingi kunataka bodi inyanyuliwe kutoka kwenye chesisi, kazi inayoweza kuzidi gharama ya kufufua injini. Ndiyo maana mimi huipangia Beetle bei kwa kutazama sakafu. Yenye sakafu safi na injini mfu naichukua, kwa sababu injini inashikiliwa na boliti nne tu na fundi anayeijua anaishusha ndani ya saa moja.

Injini yenyewe ipime ikiwa imezimwa. Shika puli ya krenki, lile gurudumu la chini la mkanda, ivute na kuisukuma. Mchezo unaoruhusiwa ni 0.07 hadi 0.13 mm, ambao mkono hauuhisi sana. Ikigonga "ko, ko", punguza bei ya injini nzima. Baada ya hapo pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), hasa silinda namba 3. Injini hii inapozwa kwa upepo wa feni, si kwa maji. Kwenye injini za kabla ya 1971 kipoza oili kimesimama ndani ya njia ya upepo wa silinda hiyo, kwa hiyo hupata joto kuliko wenzake na valvu yake ya ekzosi hutangulia kuungua. Mabati yanayoizunguka injini na mpira unaoziba pembeni mwake yawepo yote. Mafundi wengi huyang'oa wakidhani yanazuia upepo, kumbe bila hayo feni inavuta hewa ileile ya moto.

Matunzo ni rahisi mtu akiyafuata: oili lita 2.5 kila kilomita 5,000, kwani haina filta, ina chujio la waya tu. Na nafasi ya valvu iwe 0.15 mm, injini ikiwa baridi kabisa. Nati ndogo sita za sahani ya chujio usizikaze kwa hasira, nyuzi zinatoka. Kwa mafuta, Beetle yangu ya injini ya 1300 (cc) inakwenda kama kilomita 11 kwa lita. Kigari cha leo kinaishinda, sifichi, na breki za ngoma zinataka kurekebishwa mara kwa mara zisivute upande mmoja.

Spea hazisumbui, maana Mexico waliendelea kuitengeneza hadi 2003. Ukishalipa, cha kwanza kununua ni mipira mipya ya petroli na klipu zake. Ya zamani hupasuka karibu na distributa, kifaa kinachogawa umeme wa plagi, na Beetle nyingi zimeteketea kwa hilo.