Taima ya Taa za Tangi la Samaki: Ipi Ununue Nairobi, Ipi Uiache Dukani

Samaki hawahitaji mwangaza mwingi. Wanahitaji mwangaza unaokuja na kuondoka saa zilezile kila siku. Kwa tangi la nyumbani lenye mimea michache, mwangaza wa muda wa saa sita hadi nane kwa siku unatosha, na tangi jipya ni heri lianze na muda wa saa sita. Ukizidisha, mwani unashika vioo na majani. Taa ikikesha, samaki hawapati giza la kupumzika. Anayetoka Utawala alfajiri na kurudi usiku hawezi kulisimamia hilo kwa mkono, na si haki kumwongezea dada wa kazi mzigo huo wakati kuna taima, kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachoweza kuubeba.

Ukizunguka Luthuli Avenue au ukitafuta mtandaoni utakutana na aina nne hivi. Nimezipanga kwa swali moja, ambalo hapa Nairobi ndilo lenye uzito: stima ikipotea kisha ikarudi, taima itajua ni saa ngapi?

Nafasi ya kwanza naipa ya dijitali, ile yenye kioo kidogo cha namba na betri ndani. Betri hiyo haiwashi taa. Kazi yake ni kuiwezesha saa kuendelea kutembea gizani. Stima ikirudi saa mbili usiku, taima inajua ni saa mbili usiku, na ratiba inaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Haihitaji simu wala bando.

Tabu yake ni kuipanga. Ukiitoa kwenye boksi, mara nyingi kioo kiko kitupu kwa sababu betri imeisha ikiwa dukani. Ichomeke saa kadhaa ichaji, kisha tafuta kitundu kilichoandikwa R na ukibonyeze kwa ncha ya pini. Kwa nyingi, unashikilia kitufe cha CLOCK huku ukibonyeza HOUR na MIN mpaka saa ikae sawa. Kumbuka kwamba yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane: saa tisa alasiri ni 15:00, na saa tano usiku ni 23:00. Hizo mbili, kwa maoni yangu, ndizo saa nzuri za kuwasha na kuzima kwa mtu wa kazi ya mchana. Taa inawaka kwa jumla ya saa nane, na baadhi yake uko nyumbani unawaona samaki wako. Ukimaliza, hakikisha imekaa kwenye AUTO, yaani ifuate ratiba yenyewe. Kama muda huo taa inapaswa kuwa imezimwa, ifikishe AUTO ukitokea OFF, kwa maana nyingi zikitokea ON huendelea kuwasha hadi wakati wa kuzima ufike. Na ukiona saa imeruka mbele kwa saa nzima, umegusa alama ya majira ya kiangazi, inayotumika nchi zinazobadilisha saa zao. Iondoe.

Ya pili ni plagi ya waifai, inayoendeshwa kwa programu ya simu kama Smart Life. Kwa anayesafiri mara kwa mara, hii ndiyo ningempa kwanza: ukiwa Kisumu unaona kama taa imewaka, na unaizima ukitaka. Lakini nyingi hazina betri ya saa. Stima ikirudi lazima zisubiri ruta iwake, zipate intaneti, ndipo zijue wakati. Kama intaneti yako nayo imekatika, ratiba ya siku hiyo haina uhakika. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio utafute sehemu inayosema plagi ifanye nini umeme unaporudi, uchague ibaki imezimwa. Siku moja ya giza haiwaumizi samaki; taa iliyowaka usiku kucha ndiyo mbaya zaidi. Pia nyingi hushika mawimbi ya 2.4 GHz pekee, kwa hiyo angalia kama ruta yako inayatoa kabla hujalipa.

Ya tatu ni ile ya gurudumu lenye meno 48 au 96, kila jino likiwa nusu saa au robo saa. Ndiyo rahisi kuliko zote, kwa bei na kwa matumizi. Hata hivyo gurudumu lake huzungushwa na mota inayotegemea stima yenyewe. Stima ikikosekana kwa muda wa saa tatu, nalo husimama muda huohuo. Taa ya saa tisa alasiri itawaka saa kumi na mbili jioni, na kuzima saa nane usiku, kila siku, hadi uzungushe gurudumu kwa mkono. Kama mtaa wenu stima haisumbui, au una inveta, inunue bila wasiwasi. Kama sivyo, itakuchosha.

Ya mwisho ni kitufe kilicho kwenye waya wa taa, cha kuwasha taa kwa muda wa saa sita, kumi au kumi na mbili. Kinahesabu kuanzia ulipokibonyeza, na nyingi husahau kila kitu umeme ukikatika. Taa ikija nacho, sawa. Usikinunue peke yake.

Usilipie zaidi kwa taima inayofuata macheo na machweo. Nairobi iko karibu na ikweta, na mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima.

Plagi ziwe za pini tatu bapa, na maandishi yaseme 240V na 50Hz. Za pini mbili za mviringo zinazolazimishwa kuingia kwa kutumbukiza kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu ni hatari popote, sembuse karibu na maji. Ukiletewa taima ya gurudumu ya 120V kutoka Marekani, usiichomeke, itaungua. Hata kwa transfoma haitakufaa: imetengenezwa kwa stima ya 60Hz, kwa hiyo hapa itachelewa dakika kumi kila saa. Tafuta pia stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Taa pekee ndiyo ipite kwenye taima. Filta na hita zikae kwenye soketi inayowaka muda wote, maana bakteria wanaosafisha maji huishi ndani ya filta na hufa wakikosa maji yanayopita yenye oksijeni. Soketi iwe juu au pembeni, na waya ulegee ushuke chini kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji lidondoke sakafuni.

Kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji achomeke taima, aweke saa, aichomoe dakika chache, kisha airudishe. Kama ya dijitali itarudi ikiwa imepoteza saa, huenda betri haina chaji tu, au huenda imekufa. Mwombe akufungulie nyingine.