Begi gani la kununua Nairobi kabla ya kupanda meli ya kitalii

Watu hukaa miezi wakilinganisha bei za safari ya meli, halafu begi wananunua jioni ya kuamkia safari, lolote lililoning'inizwa mlangoni mwa duka. Naomba usifanye hivyo. Begi hilo mtaishi nalo wiki nzima katika chumba kidogo, na si kila begi linalofaa ndege linafaa meli. Nimeyapanga kuanzia lile ningekwambia ununue bila kusita.

Namba moja ni begi la kitambaa lenye magurudumu, la saizi ya kati, urefu wa sentimita 65 hivi. Sababu ni kitanda. Vyumba vingi vya ndani melini vina mita za mraba 14 hadi 17 pamoja na bafu, kabati ni jembamba, na begi hukaa mvunguni. La kitambaa hufunguka kwa juu tu, kwa hiyo unalivuta kidogo, unachomoa shati, unalisukuma tena. Likibanwa linabonyea, na mifuko yake ya nje humeza ndara na kofia.

Dukani, iwe Eastleigh au katikati ya jiji, mwombe muuzaji alijaze mabegi madogo au magazeti ndipo ufunge zipu. Zipu ya begi tupu haikwambii lolote. Inayokwama kwenye kona begi likiwa limejaa itaachia safarini. Linyanyue kwa mpini wa juu likiwa na uzito huo huo, uangalie mshono unavyovutika. Kisha vuta mpini mrefu hadi mwisho, uutikise. Magurudumu usiyajaribie kwenye vigae: toka nalo nje, livute kwenye kabro. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili, hata kama ameshakupunguzia bei.

Namba mbili ni sutikesi ngumu ya polikaboneti, aina ya plastiki. Kwa anayeruka kwanza hadi Dubai au Barcelona ndipo apande meli, inalinda vitu vizuri mzigo unapotupwatupwa au kunyeshewa. Kasoro yake ni kwamba hufunguka nusu kwa nusu, na sakafu ya chumba haitoshi. Utaifungulia kitandani kila mara. Bonyeza kifuniko kwa kiganja: polikaboneti hunepa ikarudi, ilhali ABS, plastiki nyingine ya sutikesi, ni kavu na ikigongwa sana hupasuka pembeni. Usikubali neno "orijino" kabla hujabonyeza mwenyewe.

La tatu ni begi refu laini lisilo na magurudumu. Linamfaa kijana anayepandia meli Mombasa na kwenda huko kwa treni ya Madaraka Express. Katika stesheni ya Syokimau, mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wa usalama wainuse, kisha unabeba wako hadi behewani, na hapo wepesi unasaidia. Melini unalikunja ukalisahau. Likizidi kilo kumi na kitu, bega litalalamika.

Mitumba ya masoko ya Gikomba na Toi naiweka hapa katikati, kwa sababu unaweza kupata namba moja kwa bei nafuu sana. Kagua mpira wa magurudumu, maana ukikaa stoo miaka mingi humong'onyoka. Kagua pia bitana: ikiacha unga mikononi au ikinuka uvundo, achana nalo.

La mwisho kabisa ni seti ya sutikesi tatu zinazoingiana. Bei inavutia, lakini mara nyingi ni ABS, na ile kubwa ukiijaza inapita kilo 23 ambazo mashirika mengi ya ndege huruhusu daraja la kawaida. Mvunguni nako inaweza isiingie.

Baada ya hapo, tenga pesa ya begi dogo la mgongoni, na usibane hapo. Bandarini unakabidhi begi kubwa kwa wachukuzi likiwa na lebo ya chumba chako, na huenda likafika mlangoni jioni. Usiku wa mwisho unaliweka nje ya mlango lichukuliwe. Saa zote hizo unategemea la mgongoni: pasipoti, cheti cha homa ya manjano, dawa, miwani, nguo ya kuogelea na ya kubadilisha. Pawabenki nayo ikae humo, kwa kuwa kwenye ndege hairuhusiwi katika mzigo wa chini.

Pasi ndogo ya safari na birika la umeme usinunue. Meli huvizuia kwa hofu ya moto, na utavikabidhi mlangoni. Afadhali upite barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, uchukue adapta mbili, maana plagi yetu ya miguu mitatu haiingii kwenye soketi za Kimarekani na za Ulaya zilizo kwenye meli nyingi. Ongeza kulabu chache za sumaku. Kuta za vyumba vingi ni za chuma, na hapo ndipo utatundika taulo na nguo mbichi.