TAHADHARI: Muuzaji wa mawe ya kukinga ukingo wa ziwa anayezunguka Ilemela na Magu

Ndugu zangu wenye viwanja, mashamba au nyumba kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, kuanzia Luchelele hadi Igombe, Kayenze na upande wa Magu, naomba mnisome kabla hamjamlipa mtu yeyote fedha ya mawe ya kuzuia mmomonyoko. Simtaji muuzaji huyu kwa jina, kwa kuwa shauri lipo polisi na sitaki kuliharibu, lakini nitaeleza anavyofanya kazi ili akibisha hodi kwako umtambue.

Kiwanja chetu kipo Igombe, nasi tuliachiwa na marehemu baba. Mei 2020 kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42 na kuvuka rekodi ya mita 13.41 ya Mei 1964; huku kwetu hatukuhitaji kipimo, kwa sababu tuliona wenyewe ukingo ukimeguka mapande kwa mapande. Mwaka 2024 maji yalipopanda tena, mwembe alioupanda baba ulilala ziwani na mizizi yake yote. Muuzaji huyu anawatafuta watu waliofikwa na jambo kama hilo, kwa kuwa anajua wameshaingiwa na hofu.

Alikuja mwezi wa pili akiwa na pikapu, kizibao cha kung'aa na picha nyingi kwenye simu, akasema amefanya kazi hizo visiwani Ukerewe. Alipima kwa futi kamba mita 30 za ukingo, akakokotoa mbele yetu unene wa sentimita 70 na mtaro wa msingi, akapata takriban tani 180, yaani tripu 18 za tipa la tani 10. Nimehakikisha baadaye kwa mhandisi kwamba hesabu ile ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyotufanya tumwamini. Alitaka shilingi milioni 7.2, milioni 5 zikiwa malipo ya awali. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, alisema ataileta kazi ikikamilika, na kuhusu kibali alisema mawe si jengo, kwa hiyo hakihitajiki.

Magari yalikuwa yakimwaga usiku tu, kuanzia saa mbili, kwa maelezo kwamba mchana machimbo yana foleni. Alipotuletea hesabu ya tripu 18, mlinzi wetu alituita pembeni akatuonyesha ukuta wa stoo: kila gari lilipomwaga, mzee yule alichora mstari wa mkaa, na mistari ilikuwa 11. Tulipomuuliza muuzaji, akajibu kwamba mlinzi alilala. Siku ya pili simu yake haikupatikana tena.

Hata hizo 11 hazikuwa za mawe matupu. Juu palipangwa mawe makubwa ya kuvutia macho, lakini tulipoyaondoa machache tulikuta moramu na mawe yaliyooza, ambayo ukiyabana kwa kiganja yanamong'onyoka na kuacha chengachenga zinazometameta mkononi. Mwanza tuna mawe kila kilima, na nadhani ndiyo maana tunaamini upesi kwamba kila jiwe ni jiwe. Itale, yaani jiwe gumu la vilima vyetu, ikiwa nzima ukiigonga kwa nyundo inalia na nyundo inaruka. Iliyooza inatoa sauti nzito iliyokufa, nyundo inazama. Mawe ya kukinga mawimbi yanapaswa kuwa na kona kali ili yashikane, tena yawe ya ukubwa mchanganyiko ili madogo yazibe nafasi za makubwa. Ya mviringo yanabingirika.

Lililoniuma zaidi ni kitambaa. Chini ya mawe panatakiwa kitambaa cha kuchuja, ambacho mafundi wanakiita jiotekstaili, au tabaka la kokoto, ili maji ya wimbi yaliyoingia kwenye udongo yaweze kutoka bila kuuchukua udongo wenyewe. Sisi tulitozwa fedha ya kitambaa hicho, tukatandikiwa nailoni nyeusi ya kawaida. Maji yakabaki nyuma ya nailoni, udongo ukawa tope, na mawe yakakaa juu ya utelezi. Kukagua ni rahisi sana: chukua kipande, kikunje kama bakuli, mimina maji yenye mchanga. Kitambaa cha kweli kinapitisha maji na kubakiza mchanga, lakini kipande chetu kilishika maji kama ndoo.

Mwezi wa nne dhoruba ilitoka ziwani usiku, na kulipokucha zaidi ya nusu ya mawe yalikuwa yameserereka majini, nailoni inapepea juu yake. Mhandisi tuliyemwita alituonyesha kwamba mtaro wa msingi haukuchimbwa kabisa. Mawe yaliwekwa juu ya mchanga, wimbi likachimba chini yake. Pia yalirundikwa wima karibu kama ukuta, wakati mteremko salama ni kama mita 2 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kimo, kwa kuwa ukuta wima unalirudisha wimbi kwa nguvu na kuchimba miguu yake wenyewe. Ncha mbili za ukingo nazo hazikuingizwa ndani ya nchi kavu, na maji yakazunguka pembeni. Mama jirani yetu, ambaye hakumlipa mtu yeyote chochote, amepoteza tuta zima la viazi kwa sababu ya kazi iliyofanyika kwetu, na tunawiwa naye.

Kuhusu kibali, tulidanganywa, nasi tulikosea kutouliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kwa hiyo kumwaga mawe si jambo la kuamuliwa na mwenye kiwanja na muuzaji peke yao. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na halmashauri, wawaelekeze NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Anayejiita mkandarasi aonyeshe cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, nanyi mkakihakiki huko huko bodi.

Msikubali mzigo wa usiku. Kila tripu imwagwe mchana, mahali pa wazi mbali na ukingo, ikaguliwe hadi chini ndipo ipangwe. Mtaro na kitambaa mvione kwa macho, mvipige picha kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na malipo yafuate hatua za kazi, kila hatua na risiti yake.

Tumesikia kwamba mtu mwenye maelezo kama haya ameonekana upande wa Magu mwezi huu, sasa akiwa na gari jingine. Karatasi yetu ya makubaliano imeandikwa kwa mkono, kalamu ya kijani, na pale penye anwani ya kampuni pameachwa wazi. Aliye na karatasi ya namna hiyo asiitupe. Aipeleke kituo cha polisi kilicho karibu naye pamoja na kipande cha nailoni, kwa sababu tumeelezwa kwamba malalamiko yakiwa mengi shauri linapata nguvu.