Pikipiki ya kwanza ya barabarani: ipi ununue kwa bei ya chini

Wengi wanaonunua pikipiki ya kwanza huanza kwa kuuliza ina cc ngapi na inakimbia kiasi gani. Swali la kuokoa pesa ni jingine: kebo ya klachi, cheni na brekishuu zake zinauzwa duka gani karibu na kwako, na fundi wa mtaani kwenu ameshazoea kuifungua? Pikipiki ya bei ndogo haikosi kudai vitu vidogo vidogo. Ikiwa kebo moja inakufanya usubiri mzigo kutoka Kariakoo au Kirinyaga Road, nafuu uliyoipata dukani inaishia hapo.

Mpangilio huu ni wa mtu anayekwenda kazini na kurudi, mara mojamoja na abiria mmoja, kwenye lami na vipande vya vumbi. Anayetaka kubeba magunia kutwa ana hesabu zake nyingine.

1. TVS HLX 125. Injini ya cc 124.5 inatembea kilomita 60 hadi 70 kwa saa bila kukamuliwa, na spea zake zimeenea. Tumeiweka juu kwa sababu ya utulivu wake. Mgeni wa klachi huachia ghafla, na pikipiki inayovuta taratibu humsamehe. Kuna za gia nne na za gia tano. Kama njia yako ni barabara kuu, tafuta ya gia tano, maana injini inazunguka polepole zaidi kwa mwendo uleule na mikono haifi ganzi.

2. Bajaj Boxer 150. Ina cc 144.8, na hata kijijini utampata fundi anayeijua. Kama kwenu ni milimani, Lushoto au njia ya Kitonga, na abiria hakosekani, ipandishe iwe namba moja. Imeshuka hapa kwa sababu bei yake iko juu ya 125, na anayeanza hahitaji nguvu hiyo mjini. Jambo la kuangalia ni spea feki: kitu chenye wateja wengi ndicho kinachoigwa zaidi. Brekishuu feki huwa ngumu na kung'aa kama kioo baada ya muda mfupi; unakanyaga breki inapiga kelele bila kushika. Nunua kwa wakala au duka linalokupa risiti.

3. Boxer 100 au HLX 100. Zinakula mafuta kidogo kuliko zote hapa. Kwa mjini zinatosha kabisa. Kwenye barabara kuu hazina akiba ya nguvu: ukitaka kulipita lori mlimani, utajikuta uko ubavuni mwake muda mrefu kuliko inavyofaa. Kama kila siku unatoka nje ya mji, usiichukue.

4. Honda Ace 125. Imeungwa vizuri na injini yake ni laini. Kasoro yake ni umbali wa spea. Ukiishi mji wenye wakala, inaweza kuwa chaguo lako la kwanza.

5. Pikipiki za Kichina za muundo wa CG. Nyingi zinafuata injini ya Honda CG125 ya miaka ya 1970, ambayo haina cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu: valvu zinasukumwa na fito. Ni injini ya kelele lakini ni rahisi kutengeneza, na mwanya wa valvu kwenye CG125 ni milimita 0.08, ukipimwa injini ikiwa baridi kabisa. Tatizo lake ni kwamba ubora hutofautiana hata kati ya pikipiki mbili za chapa moja. Ukinunua hizi, kabla ya safari ya kwanza kaza nati zote: za kushikilia injini, za ekseli, za bomba la moshi. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Inayotoa sauti nzito imelegea. Rudia baada ya kilomita 300, kwa sababu mtetemo utakuwa umelegeza zingine.

Kabla ya kulipia yoyote kati ya hizi, uliza mpangilio wa gia. Kuna ambazo gia zote hukanyagwa mbele, na kuna ambazo ya kwanza iko chini na zilizobaki juu. Aliyejifunzia aina moja akipanda nyingine hushusha gia akidhani anapandisha, na tairi la nyuma linaweza kufunga akiwa kwenye mwendo.

Ukinunua ya mkononi

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi zaidi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha gusa bloku. Ikiwa ya moto, huenda kuna ugumu wa kuwaka anaouficha. Iwashe mwenyewe. Moshi wa bluu unapovuta mafuta maana yake oili inaungua, na mara nyingi ringi zimeisha. Mlio wa kukwaruza upande wa cheni ya taimingi unaoendelea hata injini ikipata moto ni gharama ya kufungua injini.

Kisha weka pikipiki kwenye stendi ya kati, mtu akandamize nyuma ili tairi la mbele linyanyuke. Zungusha usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimekula. Shika tairi la nyuma ulitikise kushoto na kulia: likicheza, bushi za mkono wa nyuma au beringi zimekwisha. Tazama meno ya sproketi. Yakipinda mithili ya ndoano, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni mpya kwenye meno yaliyolika haidumu.

Iliyokuwa bodaboda ikague zaidi chini ya siti na pale shokapu za nyuma zinaposhikilia chesisi. Rangi mpya mahali hapo peke yake mara nyingi inaficha ulehemu. Chesisi iliyounganishwa iache, hata bei iwe ya kutupa.

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi ya usajili, namba kwa namba. Pikipiki nyingi huchukuliwa kwa mkopo au mkataba, na kadi hubaki kwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Muuzaji asiye na kadi halisi, usimpe hata kianzio. Kenya, fanya uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA kabla ya kumaliza malipo. Tanzania, andikeni mkataba wa mauziano na mfuate uhamisho TRA. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, usiingie barabarani bila hiyo.

Pesa usiyotakiwa kuimalizia kwenye pikipiki

Tenga fungu la helmeti kabla ya kuchagua modeli. Chukua inayofunika kidevu, yenye alama ya kiwango cha usalama cha ECE 22.05 au 22.06, inayobana mashavu bila kuuma paji la uso. Ukiifunga mkanda na kuivuta kutoka nyuma kwenda mbele, isivuke. Ikikulazimu kushuka kutoka 150 hadi 125 ili uipate, shuka.

Kilomita 1,000 za kwanza usivute mafuta hadi mwisho, wala usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Oili ya kwanza imwage kwenye kilomita 500, kwa sababu imebeba unga wa chuma wa injini mpya. Weka ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha oili za pikipiki zenye klachi ya aina hii. Klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano. Sahani za klachi huteleza, injini inalia lakini pikipiki haiendi. Cheni iache ilegee milimita 20 hadi 30 ukiisukuma katikati, na upime ukizungusha tairi, kwa kuwa cheni iliyochoka hukaza upande mmoja na kulegea mwingine.