Uzoefu wangu: kusafirisha chatu, nyoka wa mahindi na kinyonga kwa ndege kutoka London hadi Toronto kupitia wakala

Huduma ninayoizungumzia ni ya wakala wa kusafirisha wanyama kwa ndege. Nilimpa reptilia watatu wa kufugwa nyumbani awatoe uwanja wa ndege wa Heathrow, London, awafikishe ule wa Pearson, Toronto: chatu wa kifalme jike, nyoka wa mahindi mmoja, na kinyonga dume wa pembe tatu. Wote wamefika wazima. Kwa kazi ya uwanjani nampa wakala alama nne kwa tano. Kwa sanduku alilotaka kuniuzia na kwa umakini wake kwenye vibali, nampa mbili, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa ndipo wanyama wanapofia au kutaifishwa.

Kwanza, usipoteze muda kutafuta shirika litakalokuruhusu kupanda na nyoka ndani ya kabini. Mashirika mengi hayampokei reptilia pale hata akiwa mdogo kama kidole. Anakwenda kama mzigo hai, ana hati yake ya mzigo wa ndege, na anafungwa kwa kufuata kanuni za wanyama hai za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ambazo hutolewa upya kila mwaka. Muulize wakala anatumia toleo la mwaka gani. Asipojibu hapo hapo, tafuta mwingine.

Sasa vibali. Chatu wote wako ndani ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na wengi wao, chatu wa kifalme akiwemo, wako Kiambatisho cha II, yaani orodha ya wanaovuka mpaka kwa kibali. Kinyonga wa pembe tatu naye yuko Kiambatisho cha II. Nyoka wa mahindi hayumo kabisa. Kwa hiyo nilihitaji kibali cha kutoa Uingereza kwa wanyama wawili, kinachotolewa na APHA, wakala wa serikali ya Uingereza wa afya ya wanyama na mimea, iliyoko Bristol. Kanada haidai kibali chake cha kuingiza kwa mnyama wa Kiambatisho cha II. Inataka kibali halisi cha nchi anakotoka, karatasi yenyewe, wala si picha ya simu. Kwa nyoka wa mahindi niliandika barua fupi yenye jina lake la kisayansi, Pantherophis guttatus, nikieleza kuwa hayumo kwenye kiambatisho chochote. Sheria hainidai barua hiyo, lakini mpokea mizigo asiyejua nyoka atamwona nyoka wa pili, atauliza kibali chake kiko wapi, na ndege itaondoka mkiwa bado mnabishana.

Kinachochelewesha maombi ni ushahidi wa asili ya mnyama. Risiti ya duka haitoshi. Weka barua ya mzalishaji yenye tarehe ya kuzaliwa au kuanguliwa, idadi, na maelezo ya wazazi. Hapo utaandikiwa herufi C, maana yake amezalishwa kwenye ufugaji, na P kwa matumizi binafsi. Kibali cha kutoa hudumu miezi 6, basi usiombe mapema mno kabla ya kujua msimu wa safari. Mimi nilianza wiki 8 kabla na sikujuta.

Kasoro ya kwanza ya wakala ilikuwa hapa. Kwenye rasimu yake alimwandika kinyonga Chamaeleo jacksonii, jina lililotumika kabla kinyonga hawa hawajahamishiwa jenasi ya Trioceros. Jina la kibali likitofautiana na la hati ya mzigo, kwa afisa wa forodha hao ni wanyama wawili tofauti, na mmoja wao hana kibali. Soma kila herufi mwenyewe. Majina ya mitaani ndiyo mabaya zaidi: mnyama ambaye Waingereza wanamwita chatu wa kifalme, Wakanada wanamwita chatu wa mpira, kwa vile hujikunja akawa kama mpira akiogopa. Andika Python regius kila mahali, uyaache hayo mengine.

Kasoro ya pili ingeweza kuwagharimu wanyama. Kibali kikishatolewa, kazi haijaisha: siku ya kuondoka lazima kigongwe muhuri na Border Force, kikosi cha mpakani cha Uingereza, kwenye kituo kilichoteuliwa, na idadi halisi inayotoka ijazwe. Kibali kisicho na muhuri huo kinaweza kukataliwa upande wa pili, na mnyama akazuiliwa hata kama kila kitu kingine ni safi. Wakala wangu alikuwa tayari kukabidhi sanduku kwanza na "kushughulikia muhuri baadaye". Baadaye haipo, mnyama akishapaa, hakuna wa kuthibitisha alichokiona. Nilidai picha ya muhuri kabla sanduku halijaondoka mezani, na nikaipata.

Upande wa Kanada, nyoka na mijusi, kinyonga akiwemo, hawahitaji kibali cha CFIA, wakala wa Kanada wa ukaguzi wa chakula na afya ya wanyama, ila kobe na kasa wanahitaji. Ukishavuka mpaka bado kuna sheria ya mji. Toronto inakataza nyoka wa aina inayofikia zaidi ya mita 3 akikomaa, na mijusi wanaozidi mita 2. Chatu wa kifalme kwa kawaida huishia kwenye mita 1.2 hadi 1.5, yuko salama. Mwenye chatu wa Burma asikate tiketi. Miji mingine ina orodha zake, basi soma ya mji unaohamia.

Naweka neno kwa wasomaji wa nyumbani, Kenya na Tanzania, kwani swali la kama mtu anaweza kumwokota mnyama porini akasafiri naye huulizwa sana na mimi linaniuma. Kinyonga wa pembe tatu asili yake ni milima ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, lakini huyu wangu amezaliwa ufugaji Uingereza, na karatasi zake zinasema hivyo. Kumwokota kobe au kinyonga shambani ukamtia kwenye sanduku la nguo si njia ya mkato, ni jinai kwa sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2013. Tena wengine wako Kiambatisho cha I, ambako biashara ya waliotoka porini imefungwa: mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, tangu 2017, na kobe bapa wa miambani tangu 2019. Hawa wamepungua, na wapenzi wa wanyama kama sisi tumechangia.

Turudi kwenye sanduku. Wakala aliniletea la plastiki lenye matundu pande mbili tu, bila fito za nje. Nilikataa, nikajenga mawili ya plaiwudi ya milimita 9. La nyoka lina sentimita 60 kwa 40 kwa 30, na ukuta wa plaiwudi katikati. La kinyonga lina 30 kwa 30 kwa 40. Matundu ya sentimita 1 yako pande zote nne, yamefunikwa kwa ndani na wavu mwembamba uliopigwa pini. Nje kuna fito za unene wa sentimita 2.5 kuzunguka, ili masanduku ya watu wengine yakisukumwa kando, hewa ipite. Hapo kuna mtego ambao wengi hawaujui: plaiwudi haidaiwi alama ya ISPM 15, ile ya kimataifa inayoonyesha mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu, lakini fito za mbao ghafi zenye unene unaozidi milimita 6 zinadaiwa. Nunua mbao zenye muhuri wa kutibiwa kwa joto, na usiupake rangi ukaufunika. Kifuniko nilikifunga kwa skrubu, si misumari, kwa kuwa walinzi wa uwanja wanaweza kutaka kuona ndani. Skrubu nne za akiba nilizibandika kwa gundi ya karatasi juu ya kifuniko.

Ndani nilitandika foamu ngumu nyeupe ya sentimita 2, ile ya kufungia televisheni, nikaitoboa mbele ya kila tundu. Usisahau kutoboa. Sanduku zuri kwa nje lililozibwa kwa ndani ni jeneza.

Kila nyoka alikaa kwenye foronya yake ya pamba, iliyogeuzwa ili mshono ubaki nje. Angalia nyuzi kwa karibu, kwenye mwanga, kabla hujamtia. Uzi mmoja uliolegea ukizunguka ncha ya mkia au ukanasa kwenye meno, nyoka atavuta usiku kucha, na asubuhi utakuta kidonda au mkia umekuwa mweusi. Funga fundo juu, acha nafasi ya kujikunja, kisha jaza magazeti yaliyofinyangwa pembeni ili mfuko usiteleze sanduku likiinamishwa. Usitumie maranda ya msonobari. Harufu yake inaumiza mapafu. Usiweke bakuli la maji, litamwagika, na nguo iliyolowa ndani ya baridi ni hatari kuliko kiu ya saa 15.

Kinyonga hapendi mfuko. Nilimwekea kijiti cha milimita 12 kilichofungwa skrubu pande zote mbili, sentimita 10 kutoka sakafuni ili akianguka asiumie, na chini nikatandika taulo za karatasi. Giza humfanya alale akakumbatia kijiti. Adui yake mkubwa ni joto na ukavu: ni mnyama wa mlimani, nyuzi 28 zikidumu zinamchosha. Siku mbili kabla nilimnyunyizia maji kwa dakika 10 asubuhi na jioni. Tazama kinyesi chake: ile sehemu ngumu iliyo kama chokaa ikiwa nyeupe, ana maji ya kutosha, ikiwa ya rangi ya chungwa, ahirisha safari. Jike mwenye mimba asisafiri kabisa. Hawa huzaa, hawatagi.

Chakula cha mwisho: chatu siku 12 kabla, nyoka wa mahindi siku 8, kinyonga siku 2. Nyoka akisafiri na panya tumboni, mtikisiko unaweza kumfanya amtapike, na matapishi ndani ya mfuko uliofungwa yanaweza kumuua. Na kama macho ya nyoka yamekuwa ya ukungu wa buluu, maana yake anakaribia kujivua gamba, subiri ajivue kwanza. Hewa kavu ya ndege hulifanya gamba ling'ang'anie vipandevipande, hasa kwenye macho.

Pakiti za joto sikutumia. Ndani yake kuna unga wa chuma unaopata joto kwa kula oksijeni, na kwenye sanduku dogo zinaunguza zaidi ya zinavyosaidia. Zinafaa kukiwa baridi na kuna nafasi, zikibandikwa chini ya kifuniko mbali na mfuko, na shirika la ndege likikubali kwa maandishi. Njia bora ni kuchagua msimu: nilisafirisha mwezi Mei. Waombe pia watu wa shirika wasiweke barafu kavu, yaani kabonidioksidi iliyogandishwa, jirani na sanduku lako. Gesi yake ni nzito na hukaa chini, pale pale walipo wanyama.

Kuhusu bei, usihesabu kilo za mizani. Mzigo wa ndege hupimwa kwa ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Sanduku la nyoka lina uzito wa kama kilo 9 lakini hulipiwa 12. La kinyonga hulipiwa 6. Ungeongeza sentimita 10 tu kwenye kila kipimo cha lile kubwa, ungelipia zaidi ya kilo 23. Ndiyo maana wakala anayeuza masanduku ya saizi moja anakutoza hewa.

Chagua ndege ya moja kwa moja, Jumatatu hadi Jumatano. Mzigo ukichelewa Ijumaa, unalala hadi Jumatatu. Nilikabidhi saa 4 kabla ya kuruka, safari ilikuwa kama saa 8, na kutoka forodhani kulichukua saa 3. Kwenye sanduku la nyoka nilitia kipimajoto kidogo kinachorekodi, kwa ruhusa ya shirika. Kilionyesha nyuzi 23 wakati wa kukabidhi, 17 kwa dakika 40 sanduku likiwa nje kabla ya kupakiwa, kisha 19 hadi 21 angani. Kwa hiyo hatari haikuwa angani, ilikuwa kwenye lami. Hapa nampongeza wakala: mtu wake alisimama na mzigo, akahimiza usitangulizwe uwanjani mapema, na alinipigia kila hatua.

Nilipofika nao nyumbani, sikuwalisha. Vizimba vilikuwa vimewashwa tangu jana yake, upande wa moto wa chatu nyuzi 32, wa nyoka wa mahindi 29. Kinyonga nilimnyunyizia maji ya vuguvugu kabla ya kitu kingine chochote, na alilamba majani kwa zaidi ya dakika tano. Alikula nyenje siku ya pili. Nyoka wa mahindi alisubiri siku 6, nikampa kipanya kidogo kuliko kawaida. Chatu alikataa wiki tatu, jambo la kawaida kwa aina yake. Nilimpima uzito kila Jumapili, na hakupungua ila gramu 20.

Kobe wangu aliyebaki Uingereza ndiye anayefuata, kwa kibali cha CFIA. Kazi nitampa wakala yule yule, kwa masharti mawili niliyomtumia kwa maandishi: sanduku naleta mwenyewe, na hakuna kukabidhi kabla sijaona muhuri.