Lenzi ya mkono ya mara 10: inatosha kutofautisha kisukuku na jiwe?

Inatosha kutofautisha kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, na jiwe la kawaida, mradi lenzi ikuze mara 10 kweli. Kampala utaonyeshwa lenzi ndogo za mafundi saa zilizoandikwa 30x, na nyingi ya hizo hazifiki hata nusu yake. Ipime kabla ya kulipa: gawanya milimita 250 kwa namba iliyoandikwa, jibu ndilo umbali kutoka kwenye lenzi ambao kitu kinapaswa kuonekana wazi. Ya mara 10 huona vizuri kwenye milimita 25 hivi, ya mara 30 kwenye milimita 8. Ikionyesha wazi kwenye 25, hiyo 30x ni namba ya uongo.

Lenzi tunayoisifu ina vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, kipenyo milimita 18, na hukunjwa ndani ya ganda la chuma. Ukiitazamia rula, mistari hubaki imenyooka karibu mpaka ukingoni, bila rangirangi pembeni. Ya kioo kimoja hupindisha mistari, na vitundu vidogo vya mfupa hufifia humo.

Isogeze karibu kabisa na jicho, kisha lete jiwe mpaka lionekane. Jua lipige kwa ubavu. Mwanga wa kutoka juu huua vivuli.

Sasa achana na umbo la nje, tafuta palipovunjika. Mfupa una tabaka gumu nje, na ndani mara nyingi wavu wa vitundu vyenye kuta nyembamba. Kule Napak na Moroto, katika Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ambako yamepatikana mabaki ya sokwe wa kale wa takriban miaka milioni 20, tatizo kubwa ni mawe ya volkano yenye matundu ya gesi. Matundu hayo ni makubwa kwa madogo, yametapakaa ovyo, na mawe yenyewe hayana lile tabaka la nje. Vijia vya mfupa mrefu vingi hufuata urefu wake. Chokaa iliyoganda kuzunguka mizizi nayo hudanganya sana: ni ndefu kama mfupa wa kidole, lakini ukitazama ilipokatika ni unga mtupu ulioshikana, pengine na tundu moja katikati.

Jino ni rahisi zaidi. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hung'aa, na mpaka wake na sehemu ya ndani huonekana wazi. "Mayai" ya marram, ule udongo mwekundu wa changarawe, ni madonge ya chuma: ndani ni maganda juu ya maganda. "Majani" meusi yaliyochorwa juu ya jiwe huwa ni manganizi, madini meusi, iliyopenya kwenye ufa. Hayana mshipa wa kati.

Kulamba jiwe hakuthibitishi kitu, kwani udongo wa mfinyanzi pia hunata ulimini. Siki usiiguse: inakula chokaa, na kisukuku kinaweza kuharibika nayo.

Kasoro za lenzi hii ni mbili. Skrubu ya bawaba hulegea, kwa hiyo ifunge kamba shingoni. Vumbi la Karamoja hukwaruza kioo likifutwa kavu. Lipulize kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini chenye unyevu.

Ukishaona wavu wa mfupa, usichimbe wala usioshe. Piga picha pamoja na rula, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, kisha uwaarifu Makumbusho ya Uganda, Kira Road, Kampala. Kisukuku kikishang'olewa, tabaka la mwamba kilimokuwa halijulikani tena, na umri wake hukadiriwa kwa tabaka hilo.